Mwenyekiti Wetu na Mbuzi ya Ngomeni

Alikuwa akikupa vidole vinne, si mkono. Nilivihesabu siku ya kwanza, nikavihesabu tena siku ya pili nikidhani labda nilikosea. Vinne, vimenyooka, vya baridi, na kidole gumba amekibakisha kwake kama mtu anayeogopa kitaibiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwa sisi wa sokoni. Wenye ofisi aliwapa mkono mzima, na wa pili akauweka juu yake.

Mambo ya alikozaliwa na babu zake sitayagusa. Mwenyewe aliyasimulia katika kila mkutano, kila harusi na kila matanga, na kila mara babu mmoja aliongezeka. Yatosha kusema kwamba alitoka Lamu, kwamba alikuwa mwenyekiti wa chama chetu, sisi watu wa pwani tuliotawanyika kutoka Walthamstow hadi Barking, na kwamba kwa miaka kumi na tisa nilimwona karibu kila Jumamosi akipita mbele ya meza yangu ya vyombo, ameziba pua.

Ameziba pua kweli, sisemi kwa mfano. Alikuwa na leso nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe, na meza yangu iko baina ya muuza samaki na mzee mmoja wa vitunguu. Akifika kwa samaki, leso juu. Akifika kwangu, leso bado juu. Mimi nauza sufuria, chupa za chai, vijiko, vichujio. Sufuria mpya hainuki. Nilimwuliza siku moja kama masufuria yangu yananuka, akaniambia kwa upole kwamba si masufuria, ni "hali ya jumla". Nikamuuzia kichujio. Sikumpunguzia hata kidogo.

Na hakuomba kupunguziwa, maana kubembeleza bei kwake ilikuwa aibu kuliko kutembea bila suruali. "Tuwe wastaarabu," ndiyo ilikuwa kauli yake. Mtoto akilia ukumbini, tuwe wastaarabu. Watu wakila biriani kwa mikono, tuwe wastaarabu, naye anachokoa mfupa kwa uma mpaka mfupa wenyewe unaona haya. Mwaka mmoja nilikwenda kumwona mlinzi wa ule ukumbi tunaokodi kwa Idi. Nikakaa naye, nikanywa chai yake mbaya, nikamsifu mbwa wake, na nilipotoka nilikuwa nimeongezewa saa mbili juu ya zetu, na jiko, na viti arubaini. Viti nilivihesabu, nikarudia. Kesho yake Mwenyekiti akaenda kumwomba mlinzi radhi kwa niaba yangu. Akazirudisha zile saa mbili. Viti ishirini akavirudisha pia. Idi ile wazee walikaa, kina mama tukasimama, naye akasoma hotuba kurasa sita juu ya heshima.

Alivaa suti ya rangi ya majivu na ndani yake kifulana cha sufi, hata Julai. Kwapani hakosi faili la bluu. Kazi aliyostaafu ilikuwa ya kusukuma vitanda hospitalini, kazi ya halali ya miaka thelathini, na mimi ningemvulia ushungi kwa hiyo peke yake. Lakini yeye alisema alikuwa "katika uongozi wa hospitali." Watu walipomwuliza uongozi wa kitengo gani, alikohoa. Wengine katika chama walimwona wakiwa wamelala chali, wanapelekwa kupasuliwa, wamemtazama uso wake juu yao akisukuma. Wakizinduka walikaa kimya. Sisi ni watu wa haya, na yeye aliitumia haya yetu kama watu wengine wanavyotumia lifti.

Kuna jambo moja lazima niliseme hata kama linaniharibia hadithi. Alikuwa akiosha maiti. Mtu wetu akifa peke yake chumbani, akakutwa baada ya siku nne, tano, wanaume wa chama walikuwa na zamu kazini, walikuwa na mgongo, walikuwa na simu isiyoshika. Mwenyekiti alikwenda. Leso ile nyeupe aliiacha mfukoni. Mume wangu alikufa kwa kisukari, na mguu wake ulikuwa umeshatangulia kufa wiki mbili kabla. Ndugu zake watatu walisimama mlangoni pa chumba cha kuoshea, wameziba pua kwa mikono ya makoti yao. Mwenyekiti akavua koti, akakunja mikono ya shati mara tatu kila upande, akaingia, akamwosha mume wangu kama anaosha mtoto. Nilisikia kupitia ukutani akimwambia, "Geuka kidogo, bwana, nisamehe." Alipotoka nilimshika mkono nimshukuru. Akanipa vidole vinne.

Kwa hiyo nikisema alinichefua, ujue ninamsema mtu niliyekuwa na deni lake lisilolipika, na bado alinichefua.

Alichokipenda duniani kuliko watu ni majumba ya matajiri. Alikuwa mwanachama wa lile shirika la kutunza majumba ya kale, na kadi yake ilikaa kwenye pochi mbele ya picha ya marehemu mkewe. Kila kiangazi chama kilikodi basi. Sisi tulitaka bahari. Kila mwaka tulipiga kura, bahari ikashinda, na kila mwaka tukajikuta kwenye bustani ya mtu aliyekufa, tunaonyeshwa waridi. Nimeona vyumba vya kuvalia vikubwa kuliko nyumba yangu. Nimeona bafu la mbwa. Mwenyekiti alitembea ndani ya nyumba zile mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo, hatua ndogondogo, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada amechelewa. Mle ndani hakutumia leso hata mara moja, ingawa mapazia ya miaka mia mbili yananuka panya, na mimi panya namjua.

Sasa nije kwenye safari ile ya kisiwani.

Mwenyekiti alikuwa na dada yake mdogo, ambaye chama kizima tulimwita Shangazi. Alikuwa ameletwa Barking miaka sita nyuma na binti yake, nesi, baada ya magoti kumshinda. Kabla ya hapo aliishi peke yake Lamu katika nyumba yao ya mawe, ya ghorofa mbili, ambayo baba yao aliwaachia wawili kwa pamoja. Alizipaka chokaa kuta zake kwa mkono wake mpaka alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi. Nyumba ikafungwa. Na huko Lamu akatokea Mzungu mmoja aliyestaafu, anapenda sana mambo ya Waswahili, anazipenda zaidi nyumba zao. Alitaka kuinunua, aifanye ya mapumziko, akae humo Desemba na Januari. Katika barua zake alimwahidi Mwenyekiti kitu kimoja ambacho bei yoyote isingekifikia: kibao ukutani, mlangoni, chenye jina la ukoo wao.

Mwenyekiti alitia sahihi yake siku hiyohiyo. Shangazi hakukataa, hakukubali. Alisema ataona. Huyo kaka yake akaona amwonyeshe. Akachagua ngome moja ya kisiwani, saa tatu kwa basi kutoka Walthamstow, iliyojengwa kwa ajili ya mizinga na baadaye tajiri mmoja wa biskuti akaigeuza nyumba yake ya kupumzikia. Shangazi ataona Wazungu wanavyotunza, atalainika, na atatia sahihi palepale kwenye majani, mbele ya mashahidi wawili. Shahidi mmoja nilikuwa mimi. Aliniomba mezani kwangu, leso imeshushwa, nami nikakubali kwa sababu ya mume wangu. Karatasi za kuuzia nyumba zilikuwa kwenye faili la bluu.

Kisiwa kile kina njia ya lami juu ya matope. Maji yakipwa unavuka kwa gari, yakijaa njia inazama. Mwanzo wa njia pana kibao kikubwa chenye saa za kuvuka za kila siku. Dereva wetu, kijana mtaratibu aliyetoka Poland, alisimamisha basi ashuke akisome. Mwenyekiti akamwambia asijisumbue, abiria wote humu wamezaliwa majini. Kisha akatugeukia, akashika kipaza sauti. Jana mwezi ulikuwa mpevu, alisema, kwa hiyo leo ni bamvua, na bamvua maji hupwa saa nne asubuhi, hujaa saa kumi alasiri. Tunaingia sasa saa nne, tunatoka saa sita, tunakula ng'ambo. Hilo, akasema, mtoto wa Lamu analijua kabla hajajua jina lake.

Na ni kweli analijua. Sote tulilijua. Kina mama wa Mombasa, wazee wa Tanga, tuliitikia kwa vichwa basi zima. Nikatazama dirishani nikaona maji pembeni ya lami yanatembea, na yalikuwa yanatembea kuja. Nikajiambia nimekosea. Watu thelathini na wawili tumo ndani ya basi, nimewahesabu mara mbili, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba bahari ile si yetu na haijasikia habari za Lamu.

Ngome yenyewe iko juu ya jiwe. Ngazi arubaini na nne za kupandia, za mawe yaliyolika, na Shangazi alizipanda moja moja amemshikilia binti yake, kaka yake mbele akimweleza historia bila kugeuka. Ndani tulipokewa na mama mmoja mzee wa Kizungu mwenye beji, mmoja wa wale wanaojitolea. Sina ubaya naye. Alituambia kwamba tajiri wa biskuti alikuja hapa wiki mbili kila mwaka. Nikahesabu vitanda: kumi na kimoja. Nikarudi nikahesabu tena, maana nilidhani kimoja nimekipita mara mbili. Kumi na kimoja. Tajiri, mkewe, wiki mbili. Pale palipokuwa na tundu la mzinga amewekewa mke dirisha la kukaa asome. Baruti ilipowekwa sasa ni divai. Watu waliuawa kwenye ukuta ule, mama wa beji alitwambia, na tajiri akaupaka rangi ya krimu kwa sababu mkewe aliona giza.

Mwenyekiti akashusha pumzi ya raha. "Mnaona mwenye macho anavyoweza kuokoa kitu?" alisema, na alikuwa akimtazama Shangazi.

Shangazi alikuwa anatafuta pa kukaa. Viti vilikuwepo, vizuri, vya mbao nyeusi, lakini juu ya kila kimoja wameweka ua kavu la miiba. Ni ustaarabu wao: hawakwambii usikae, wanakuwekea mwiba. Nilivihesabu viti tisa, miiba tisa. Mama wa watu magoti yake yamevimba kama maboga, amesafiri saa tatu, amepanda ngazi arubaini na nne, na kila anapogeukia kiti kinamtazama kwa mwiba. Kwa Shangazi, mgeni akifika barazani hata kama ni mkusanya madeni, kwanza anasogezewa mto.

Akasimama mbele ya meko ya chumba cha kupumzikia, na hapo ndipo akaiona.

Ilikuwa juu ya kijimeza, imewekewa taa yake. Vibao viwili vya mti vilivyopishana kama mkasi, kimoja kimerefuka mbele, mti umelainika na kung'aa kwa kukaliwa. Juu yake wameweka kitabu kikubwa cha ngozi, kimefunguliwa katikati. Kadi ilisimama pembeni. Binti yake akaisoma na kuitafsiri kwa sauti: kishikio cha kitabu kitakatifu, pwani ya Afrika Mashariki, kimeletwa na mwenye nyumba kutoka safari zake.

Ilikuwa mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, ya kawaida, kama iliyoko jikoni kwa mama yako. Wameitoa ulimi wake wa chuma, lakini tundu ulipochomekwa lilikuwepo, na mikwaruzo.

Sisi kina mama tulicheka kwanza. Mmoja wetu alikaa chini kabisa sakafuni kwa kicheko, na huo ulikuwa mkao wa kwanza wa mtu wetu mle ndani. Shangazi alicheka pia, halafu akaacha. Uso ukamgeuka. Pahala pa kuwekwa makalio wameweka maneno ya Mungu, hata yawe ya dini gani. Kwake halikuwa kosa la kadi. Ilikuwa najisi. Akanyoosha mikono miwili, akakinyanyua kile kitabu, akakibusu jalada lake la Kizungu na kukiweka juu ya rafu ya meko, mahali pa juu.

Mama wa beji akaja mbio, anaomba tafadhali tusiguse. Shangazi akamgeukia kaka yake. Alimwomba kwa utulivu kabisa amweleze huyu mama, kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba hiki ni kitu cha jikoni, kinakaliwa, waondoe kitabu na wabadilishe kadi. Watu wote tukamtazama Mwenyekiti. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kupewa. Yeye mwandishi wa barua za kaunsili za watu mia, yeye aliyemtoa mzee wa Tanga kwenye mikono ya wenye nyumba kwa barua moja.

Akanyoosha tai. Mama wa beji naye alikuwa akimtazama, na kwenye uso wa mama wa beji kulikuwa na ile heshima aliyoitafuta miaka yote.

"Madam," alisema, "maandishi yenu yako sawa kabisa. Dada yangu ni mtu wa nyuma kidogo, amechanganya vitu. Tuwieni radhi."

Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kwa ile sauti ya hotuba. Alisahau, au hakujali, kwamba Shangazi ana miaka sita ya kukaa kwa madaktari wa Barking, na Kiingereza anakielewa. Mama wa beji akashukuru, akakirudisha kitabu juu ya mbuzi, akakifungua palepale.

Shangazi hakupaza sauti. Alimsogelea kaka yake mpaka kifua kwa kifua, akasema kwa Kiamu chao, polepole, kila mmoja wetu akasikia.

"Wewe ulikuna nazi juu ya mbuzi kama hii mpaka ukaota ndevu, kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa na mimi mdogo. Mimi nimekula kwa mikono yako. Leo umeikana mbele ya watu, na mimi umenikana pamoja nayo. Sahihi yangu usiingoje."

Akageuka, akashuka zile ngazi zote arubaini na nne, safari hii bila kumshika mtu.

Ingekuwa hadithi nzuri kama tungepanda basi tukaondoka. Tulifika chini saa sita kamili. Njia haikuwepo. Palipokuwa na lami palikuwa na bahari, ya kijivu, imetanda mpaka ng'ambo, na kile kibao cha saa za kuvuka kinaonekana kwa mbali upande wa pili kama mtu anayecheka.

Mfanyakazi mmoja wa kisiwani akatueleza kwamba maji yatajaa zaidi hadi saa saba, na njia itafunguka saa kumi. Akauliza kama hatukusoma kibao. Mwenyekiti akajibu kwamba ni dereva, hakuwa makini. Yule kijana wa Poland alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Alisikia, akatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu mmoja anaweza kukuchefua mara mbili kwa siku moja. Nilimpakulia dereva sahani ya pilau, nikamwekea kachumbari na vipande vinne vya nyama, nikamwongeza cha tano, nikamwomba radhi kwa Kiingereza changu cha sokoni. Mtu akasema kutoka nyuma ya basi, bila kulenga mtu:

"Maji ya Lamu hujaa saa kumi. Haya hayajatoka Lamu."

Watu wakacheka kwa pua. Kwa muda wa saa nne tulikaa hivyo. Shangazi alikuwa kiti cha mbele, ushungi umemfunika uso, anahesabu tasbihi. Kaka yake alikaa nje juu ya jiwe, amelipa basi mgongo, anakula sangweji yake ya matango kutoka kwenye karatasi, vipande vidogovidogo, mvua nyembamba inamnyeshea. Siku ile aliyaamini mambo ya Lamu pasipofaa, na pale yalipohitajika akayatupa. Nilimtazama sana. Nilikuwa natafuta ndani yake yule mtu aliyemwambia mume wangu geuka kidogo, bwana. Sikumpata. Niliona suti ya majivu inalowa.

Hakujiuzulu. Watu wa aina yake hawajiuzulu, wanaitisha kikao. Alibaki mwenyekiti, kwa vile hakuna mwingine aliyetaka kuandika barua za kaunsili, na maiti bado aliwaosha. Lakini kiangazi kilichofuata orodha ya safari ilibandikwa ukumbini ikiwa na jina moja, la mwenyewe. Yule Mzungu wa Lamu alichoka kungoja, akanunua nyumba ya jirani. Shangazi akampigia simu binamu yao huko, akamwambia afungue madirisha.

Na akamfungia kaka yake mlango. Idi ya kwanza alikwenda Barking na boksi la tende, akarudi nalo. Idi ya pili vilevile. Yule nesi, binti yake Shangazi, ndiye aliyeshuka kumpa ujumbe, naye ndiye aliyeniambia: mama anasema uje siku utakapokumbuka kuikalia mbuzi.

Mara ya mwisho kumwona vizuri ilikuwa mwaka huu, asubuhi ya Jumatano, soko halijajaa. Nilimwona anapita kwa muuza samaki na nikangoja leso. Haikutoka. Akasimama mbele yangu, akanipa vidole, vinne vilevile, siwezi kumsingizia. Alikuwa amekonda. Akafungua faili la bluu, akatoa barua. Alikuwa amewaandikia wale wa ngome kuhusu ile kadi, akawaandikia tena, na tena. Nilizihesabu nakala zake: kumi na moja. Kwenye ya mwisho, aliyoniwekea juu, alikuwa ameandika kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alikuna nazi juu ya kitu hicho kila siku, na kwamba alisema yasiyo ya kweli mbele ya mfanyakazi wao. Wamemjibu mara moja tu. Wamemtumia picha ya kadi mpya. Inasema: kigoda, pwani ya Afrika Mashariki. Kitabu kimeondolewa. Wameweka ua la miiba.

Akaniuliza kama nadhani itamtosha dada yake.

Nikamwambia haitamtosha, na yeye alijua.

Akatikisa kichwa. Akaniuliza kama nina mbuzi. Nilikuwa nayo moja, ya kwangu, chini ya meza, ninaikalia wakati wateja hawapo, nikamwambia hiyo haiuzwi. Akasema kila kitu sokoni kinauzwa. Nikataja bei ya kumfukuza. Akataja nusu yake. Nilidhani sikusikia vizuri. Akaanza kuitia kasoro, mguu umelegea, chuma kimeota kutu, mti wenyewe si mkangazi, na alikuwa na lugha ya mambo hayo, tamu, ya zamani, iliyokaa ndani yake miaka hamsini bila kutumiwa. Tulibishana mpaka muuza samaki akaja kusikiliza. Nikampunguzia. Nitakuwa nimempunguzia mno.

Hakuondoka nayo. Aliifungua palepale kwenye lami, baina ya masufuria yangu na ndoo ya barafu ya samaki, akavua koti, akakunja mikono ya shati mara tatu kila upande. Akaikalia. Suruali ya majivu ikapanda, soksi zikaonekana. Akaniomba nazi. Nikamletea kutoka duka la mbele, nikaivunja. Watu wakapita kando yake na vigari vya watoto na mifuko, wanamruka.

Mikono ilikuwa imesahau. Alikandamiza mno, akazungusha kifuu upande usio wake, na kilichoanguka kwenye sahani kilikuwa kimechanganyika na weusi wa ganda na nyuzi. Jasho lilimtoka. Alipomaliza akanisogezea. Nikaonja, nikatema.

Nikamwambia Shangazi akiiona hii hatamfungulia mpaka kiama.

Akaitazama sahani ile. Kisha akamwaga yote kwenye ndoo ya taka, akaifuta sahani kwa leso yake nyeupe, akaiweka tena chini ya ulimi wa chuma.

"Lete nyingine," alisema.